Ua wa Mfalme na Nyumba ya Hazina: Bweranyange ya Karagwe

Majengo ya kale ya Afrika Mashariki hupimwa mara nyingi kwa mawe yake. Gedi, Kilwa na Unguja zina kuta, na ukuta ni shahidi asiyehitaji kuitwa barazani. Lakini zilikuwapo dola zilizojenga kwa miti, fito na nyasi, na kwa sababu hiyo zimedhaniwa kuwa hazikujenga kitu. Karagwe ilikuwa mojawapo. Ye yote atakayeyatafakari makao ya wafalme wake katika Bweranyange ataona kuwa dhana hiyo si ya haki.

Nchi hii ya vilima na malisho, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa katika wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, ilitawaliwa na ukoo wa Wahinda. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika. Walipoyaona makao yake kwa mbali, na ziwa likimeta chini ya vilima, Speke aliwaamuru watu wake watue mizigo na kupiga bunduki kwa heshima. Kisha wakapelekwa ndani. Hawakumfikia mfalme papo hapo. Walipitishwa kwanza katika nyua pana zenye nyumba kubwa, ndipo wakamkuta Rumanyika ameketi chini, amekunja miguu, pamoja na ndugu yake Nnanaji.

Katika mwendo huo mfupi twaweza kuusoma ustadi wa mjenzi. Ua ulikuwa sehemu ya jengo sawasawa na paa. Ulimchelewesha mgeni, ukampa muda wa kutulia na kujua ukubwa wa yule anayemwendea. Kazi ambayo mahali pengine hufanywa na ngazi za marumaru na milango ya shaba, hapa ilifanywa na nafasi na boma.

Tena, wageni hao hawakupokewa katika msonge. Walipelekwa katika baraza yenye paa la mteremko, ambayo Waarabu walikuwa wamemjengea mfalme kuwa mahali pa kuendeshea mambo ya serikali. Jambo hili ni dogo lakini lina maana. Mtindo wa pwani ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya ua wa mfalme wa bara kabla Mzungu wa kwanza hajaukanyaga. Rumanyika aliukubali, akautumia kwa shughuli za wageni na biashara. Haukuifuta misonge, ulisimama katikati yake, kama neno geni linavyoingia katika lugha bila ya kuiharibu.

Nyumba iliyotuhusu zaidi, hata hivyo, ni ile ya hazina. Henry Morton Stanley alipomzuru Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa vitu vilivyotunzwa humo. Akahesabu mabata 16 ya shaba ya manjano yenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za mfano wa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Vyuma vilivyofuliwa kwa ustadi vilikuwa pia miongoni mwa alama za ufalme wa Karagwe. Mfalme alihusishwa na mhunzi, na nyundo na fuawe zilikuwa na heshima karibu na ile ya ngoma. Mhunzi huyeyusha mawe akatoa jembe na mkuki. Mfalme naye hutazamiwa kuwatoa watu wa koo mbalimbali wakiwa taifa moja.

Wageni walivihesabu vitu, lakini nyumba hawakuijali sana. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Msonge hauwezi kuachwa peke yake. Nyasi huoza, fito huliwa na mchwa, na kama moto haukokwi ndani, moshi haupandi kuikausha paa na kuwafukuza wadudu. Nyumba ya namna hii hudumu kwa sababu watu hurudi kuiezeka. Kwa hiyo uhai wake ni ushahidi wa utii na mapenzi ya wanaoijenga. Siku watakapokoma kuja, itaanguka hata bila ya adui.

Yafaa hapa kulinganisha. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe hadi Aprili 1862, hali mwenzake alikwisha kwenda Buganda mwezi wa Januari. Ndiye aliyekusanya mimea ya safari ile, na makusanyo yake yakapelekwa Kew, karibu na London. Katika bustani hiyo ya kifalme ilikuwa imejengwa, kati ya 1844 na 1848, nyumba kubwa ya chuma na kioo ya kutunzia mimea ya nchi za joto. Kule chuma kililinda mimea. Bweranyange mimea ililinda chuma. Watu wa pande zote mbili walitaka jambo moja, yaani kukihifadhi kile walichokiona kuwa cha thamani. Tofauti ni kwamba nyumba ya Kew iliitwa ajabu ya ujenzi, na ile ya Bweranyange ikaitwa kibanda.

Baada ya Rumanyika nguvu za Karagwe zilipungua. Ukaja utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, na mwaka 1963 cheo cha machifu kikaondolewa na sheria ya Tanganyika huru. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa mambo ya kale walifanya kazi Bweranyange wakisoma habari za ufuaji wa chuma. Tangu mwaka 2019 jina la mfalme limo pia katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Basi chuma kimepata wasomi, na msitu umepata walinzi.

Ustadi wa kupanga ua na kuezeka msonge bado wahitaji wake. Kitu cha shaba huweza kuwekwa katika sanduku la kioo kikadumu miaka mia bila ya kuguswa. Nyumba ya nyasi haihifadhiwi hivyo. Huhifadhiwa katika mikono ya mtu anayejua kuijenga upya. Mwanafunzi atakayekwenda Karagwe kuandika historia ya wafalme na amtafute kwanza mzee anayejua kuezeka, akae naye, na kuandika hatua kwa hatua jinsi paa linavyoanza.