Nani Aliamua Tuvae Tai?

Tarehe 28 Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba mbunge aliyevaa suti ya Kaunda asiingie ukumbini. Mwanamume avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwanamke sketi au gauni lake lipite magoti, na blauzi isiyo na mikono aiache nyumbani. Wakati huo Rais William Ruto alikuwa ameshaifanya suti ya Kaunda kuwa vazi lake la kawaida, na wanasiasa wengi walikuwa wamemfuata.

Kwa mtu anayeijua historia ya vazi lile, uamuzi huo ulichoma. Kizazi cha uhuru kililishona ili mtumishi wa Kiafrika aonekane nadhifu bila kujinyonga na tai. Miaka sitini baada ya uhuru wa Kenya, likaambiwa halina heshima ya kutosha kukaa bungeni, na koti la London ndilo likaitwa vazi rasmi.

Mabishano haya hayakuanza na suti. Zanzibar ya karne ya 19 ilimtambua mtu kwa nguo kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na meli kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana, na mtumwa hakuthubutu kuvivaa mbele yao. Sheria ya kukomesha utumwa ilipotoka mwaka 1897, watu hawakungoja kufundishwa la kufanya. Wanaume walitafuta kanzu na kofia, wanawake wakaacha kaniki wakajitanda kanga za rangi, kisha buibui. Aliyekuwa mtumwa alitembea mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, akiwa amevaa alichokatazwa, na kila aliyemwona alielewa anachosema.

Serikali za kikoloni zilipokuja na ofisi zao, zilikuja pia na ngazi zao za mavazi. Kanzu ileile ya muungwana ilifanywa sare ya mtumishi wa nyumbani wa Mzungu, pamoja na mkanda mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, alipewa kaptula, na kwa miaka mingi alipiga gwaride miguu mitupu. Karani aliyesoma alikuwa katikati: kaptula ya kaki, soksi ndefu, shati lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likasimama. Makarani hao ndio waliounda chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, kikiongozwa na Martin Kayamba, na mwaka 1931 Kayamba alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kwa watu wa namna hiyo suti haikuwa kujipendekeza. Waliivaa kama hoja, kwamba kazi ninayoifanya ni sawa na yako, basi na nguo yangu iwe sawa na yako. Pwani, walimu na makarani wengi walipata njia ya tatu, ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote: kanzu nyeupe, koti juu yake, na kofia ya kushonwa kwa mkono.

Kisha ukaja uhuru, na swali likageuka. Ikiwa bwana ameondoka, kwa nini tai yake ibaki? Julius Nyerere alijibu kwa vazi. Picha zake za baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zinamwonyesha katika suti nyepesi isiyo na tai. Waziri Mkuu wa China alitembelea Tanzania Juni 1965, na vazi la kola fupi iliyofungwa shingoni likaitwa kwa jina lake, Chou En-lai. Zambia, Rais Kenneth Kaunda alivaa koti la mifuko na suruali ya kitambaa kilekile, leso nyeupe mkononi, na jina lake likaganda kwenye vazi hilo kutoka Lusaka hadi Nairobi.

Ukiliangalia vazi hilo kwa jicho la fundi, utaona lilifikiriwa. Koti halina bitana nzito, mara nyingi mikono ni mifupi, kola imelala wazi, na mifuko minne inabeba kalamu, daftari na miwani. Halihitaji shati ndani, kwa hiyo gharama ya shati na tai inaondoka. Katika ofisi ya Dar es Salaam mwezi Februari, yenye feni moja na mafaili yanayorushwa na upepo wake, hiyo ilikuwa akili, si siasa peke yake. Kitambaa nacho kingeweza kutoka nyumbani. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968.

Zaire ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai za Kizungu, na wafanyakazi wa Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu wakashona abakosi, koti lililofungwa shingoni. Marufuku hiyo iliondolewa Aprili 1990. Hapo ndipo ninapokosana na wanaozikumbuka enzi zile kwa mapenzi matupu: vazi la ukombozi lililolazimishwa na polisi huacha kuwa la ukombozi. Hata Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamasai waliokuja mjini na rubega zao waliambiwa wavae suruali, na wasiokubali wakakataliwa kwenye mabasi.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, uliwekwa mabegani mwa wanawake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Nyerere, ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walivamiwa mitaani Kariakoo. Magazeti yalijaa barua. Wasomaji waliuliza kwa haki: kama sketi fupi ni ya kigeni, suti ya kiongozi ilitoka kijiji gani? Waliosumbuliwa sana walikuwa wasichana waliokuwa wameanza kupata mshahara wao mjini, wapiga chapa na makatibu muhtasi. Siwezi kuamini kwamba ugomvi ule ulihusu inchi za kitambaa tu. Uganda ilifuata mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin.

Jambo hili halijaisha. Nairobi, Novemba 2014, mamia ya wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha basi. Dodoma, Juni 2021, Spika Job Ndugai alimtoa nje mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, baada ya mbunge mwanamume kulalamikia suruali yake. Uganda ilitoa waraka wa watumishi wa umma mwaka 2017 uliofika hadi urefu wa kucha. Katika ofisi nyingi za serikali Tanzania, mgeni hukutana na bango la picha mlangoni, linaloonyesha nguo zinazokubalika na zisizokubalika, na mwenye fulana ya mgongo wazi hurudishwa hata kama alikuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Ila kilichoirudisha suti kwa watu wengi hakikuwa waraka wala spika. Ni mitumba. Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, baada ya miaka ya uhaba mkali wa nguo, marobota yalianza kuingia, na makoti yaliyovaliwa Ulaya na Marekani yakatundikwa soko la Karume, Dar es Salaam, kama yalivyotundikwa soko la Gikomba, Nairobi. Viwanda vyetu viliumia. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikusudia kuiondoa mitumba, lakini Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara, nyingi zilirudi nyuma. Rwanda ilisimama imara. Ushuru wake ulipanda kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hizo za Marekani, zinazoitwa AGOA.

Kijana aliyeitwa kwenye usaili Jumatatu hana nafasi ya kusubiri mabishano hayo. Jumamosi yuko Karume. Anachagua koti kwa kuangalia mabega kwanza, kwa sababu kiuno kinapunguzwa na mikono inafupishwa, lakini bega likizidi, hakuna fundi atakayelirekebisha bila kulifumua koti zima. Fundi naye, kabla hajatia chaki kwenye kitambaa, humuuliza anakwenda kusailiwa wapi. Akisikia benki, hushauri nyeusi au bluu iliyoiva, na tai isiyo na maua. Akisikia shule, husema koti si lazima, shati jeupe na suruali ya kitambaa vinatosha. Akisikia kampuni ya vijana wa programu za simu, humwambia pesa ya koti akanunulie viatu.