Diklo na Tumbusi: Historia ya Kidonge cha Mgongo

Daraja Mbili, Arusha, husikii mtu akisema diklofenaki. Ni diklo tu. "Dokta, nipatie diklo, mgongo umenikamata." Huyo dokta mara nyingi ni binti muuzaji wa duka la dawa, na swali lake huwa moja: ngapi? Dawa yenyewe ni ya cheti, lakini cheti hakiulizwi, wala hakuna anayetaka kujua kama mteja ana vidonda vya tumbo au anameza vidonge vya presha.

Diklo ilizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1973, mikononi mwa Alfred Sallmann na Rudolf Pfister wa kampuni ya Ciba-Geigy. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni Japani kwa jina la Voltaren. Siri ya kundi lake la dawa za maumivu ilikuwa imefichuliwa London mwaka 1971, mtafiti John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Shida ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizima kwa ajili ya mgongo, umezizima na huko. Ndiyo maana mtumiaji wa diklo anaweza kupata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, hata kama hakuwahi kulalamika tumbo. Figo hata dalili hiyo hazitoi mapema, na anayetumia pia vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, yuko hatarini zaidi.

Ubaya kwa figo ulioshtua dunia haukuonekana hospitalini. Ulionekana kwa ndege. Tangu miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistan na Nepal walikuwa wanakufa kwa wingi, na aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Watu walidhani ni virusi. Mtafiti Lindsay Oaks na wenzake walipopasua mizoga Pakistan walikuta viungo vya ndani vimepakwa unga mweupe: asidi ya uriki iliyoganda baada ya figo kufa. Januari 2004 wakatangaza chanzo. Wafugaji walikuwa wakiwachoma ng'ombe wagonjwa sindano ya diklofenaki, ng'ombe wakifa tumbusi wanakula mzoga, na dozi ndogo tu iliyobaki kwenye nyama ikatosha kuwaua. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zikaipiga marufuku kwa mifugo. Wajanja wakahamia chupa kubwa za sindano ya binadamu, hadi mwaka 2015 India ikaagiza sindano hiyo iuzwe kwa ujazo wa mililita 3 tu, dozi ya mtu mmoja.

Jambo hilo halikuishia Asia. Mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo ilikutwa ikiuzwa kwenye kituo cha tiba ya wanyama hapahapa Tanzania, na kampuni ya Brazil ilikuwa ikiinadi kwa nguvu. Kwa mkoa unaoishi kwa ng'ombe na watalii, hiyo ilitosha kutunyima usingizi, ingawa muuaji mkuu wa tumbusi wetu bado ni sumu inayotegeshewa simba na fisi.

Baada ya tumbo na figo, ukaja moyo. Septemba 2004 kampuni ya Merck iliondoa sokoni Vioxx, binamu wa diklo, kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Diklo ilibaki. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaelekeza wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasipewe, na mwaka huohuo watafiti waliopekua orodha za dawa muhimu za nchi 100 waliikuta katika 74. Orodha ya Shirika la Afya Duniani haina diklo, ina ibuprofeni.

Madhara kama hayo hayajulikani yasiporipotiwa, na Tanzania ilijiunga na mtandao wa shirika hilo wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993. Leo kazi hiyo ni ya mamlaka ya dawa nchini, TMDA, iliyoirithi TFDA mwaka 2019. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya njano: dawa gani, ilianza lini, nini kilitokea, namba ya toleo ipi. Namba hiyo huchapwa pembeni mwa karatasi ya vidonge, na anayekatiwa vidonge sita kwa mkasi huondoka bila pembe hiyo.