Simu Iliyohama na Watu Wake: Kutoka Foni Mpaka WhatsApp



Fomu nyingi tunazojaza zina nafasi mbili: simu ya nyumbani na simu ya mkononi. Ya pili tunaandika namba. Ya kwanza tunapiga mstari. Msifikiri tulikimbia tukaacha simu mezani! Wengi wetu tuliotoka Kivu na Ituri hatujawahi kuwa na simu ya waya nyumbani, wala wazazi wetu, wala babu zetu. Vitabu vinasema watu waliacha simu ya mezani wakahamia ya mkononi. Kwetu haikupita hivyo, ndiyo maana leo tunaandika njia iliyopita kwetu.

Wakati wa Zaire, simu za waya zilikuwa za kampuni ya serikali, ONPTZ, ile iliyokuja kuitwa OCPT baada ya 1997. Simu hiyo ilikaa kwenye ofisi, kwa wakubwa, pengine misheni ya mapadri. Halafu nyaya zikaoza, nyingine zikaibwa, na uporaji wa 1991 na 1993 ukamaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 laini za waya zilizofanya kazi hazikufika hata elfu ishirini, na nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni hamsini. Yaani ungeweza kuzeeka bila kuigusa.

Cha ajabu, nchi hiyohiyo iliona simu ya mkononi mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Katikati ya miaka ya 1980 Miko Rwayitare, mfanyabiashara mwenye asili ya Rwanda, alianzisha Telecel pale Kinshasa. Simu zenyewe zilikuwa nzito kama tofali, bei yake maelfu ya dola, wanunuzi wake mawaziri na matajiri. Mama wa Fizi au Masisi hakusikia hata habari zake.

Huyo mama alitumia nini basi? Foni.

Wadogo zetu waliozaliwa hapa kambini hawaijui foni, kwa hiyo tueleze kidogo. Ni redio ya mawasiliano, ile yenye mikrofoni ya kubonyeza. Inawashwa kwa betri ya gari, betri inachajiwa na paneli ya sola, na antena ni waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Kila foni ilikuwa na mtu wake wa kuiongoza na jina lake la hewani. Ukitaka kuongea na kaka yako aliyeko mbali, unamlipa mtu wa foni, naye anaita mwenzake wa upande wa pili. Yule anatuma mtoto akimbie kumtafuta kaka yako, mnapewa saa, mnarudi. Mnaongea kwa zamu: “Mama iko muzima, ova.” Ukisahau kusema ova, wote mnanyamaza mkisubiriana.

Na kila mwenye foni kwenye masafa hayo anawasikia. Ndiyo maana wazee walijifunza kuongea kwa mafumbo. Mtu hakusema hewani kwamba ng'ombe wameuzwa au familia inapita njia fulani. Foni ilibeba pesa pia: unaacha dola kwa ajenti wa mji huu, anataja kiasi hewani, mwenzake wa mji ule anamlipa ndugu yako. Tunaposikia wataalamu wakisema pesa za simu ni jambo jipya, tunacheka kidogo.

Simu ya waya ni ya nyumba. Nyumba ikichomwa, namba inakufa nayo. Foni ilikuwa ya mtu anayejua watu. Yule mwongozaji alijua nani ameolewa wapi, nani amehamia avenyu gani, nani amevuka ziwa. Hukuhitaji namba. Ulihitaji jina la baba na jina la kijiji.

Vita vilipotutawanya, kazi hiyo ya kutafuta watu kwa majina ikashikwa na wengine. Msalaba Mwekundu walikuja na karatasi za ujumbe, ambazo unaandika habari za familia tu, bila siasa, na zinabaki wazi ili yeyote azisome. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia, yakisoma majina ya watu waliopotezana na watoto wao. Baadhi ya wazee wetu hapa walikesha na redio kusubiri jina moja.

Simu za mkononi za watu wa kawaida zilifika Kongo na Celtel mwaka 2000, kisha Vodacom mwaka 2002. Waliokaa karibu na mpaka walishika rezo ya nchi jirani. Waliokaa milimani walipanda juu zaidi, kila kijiji kikawa na jiwe lake au mti wake wa rezo. Hapa Uganda, MTN ilianza mwaka 1998, na wakati huo laini za mezani nchi nzima hazikufika laki moja. Simu ya mkononi haikuwa na kitu kikubwa cha kuondoa. Tangu 2003 kukawa na mpango wa simu za vijijini, mtu anakopa simu na kuuza dakika kwa majirani. Huo kwetu ulifanana sana na foni, ila sasa hakuna ova, na wanaokusikiliza ni wale waliopanga foleni tu.

Halafu WhatsApp ikaleta kupiga kwa intaneti, mwaka 2015. Kwa familia yenye mtu mmoja Nakivale, mwingine Uvira, mwingine Marekani, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yote. Dakika moja ya simu ya kawaida kwenda ng'ambo ilikula inite ya wiki. Sasa bando dogo linatosha mazishi mazima kutazamwa kwa video. Na bibi asiyejua kusoma anatuma sauti, tena ndefu, na lazima usikilize mpaka mwisho.

Lakini mlango huo una ufunguo, na ufunguo hatuushiki sisi. Kuanzia Julai 2018, kutumia WhatsApp na mitandao mingine hapa Uganda kulidai kodi ya shilingi 200 kwa siku, hata kama umeshanunua bando. Ilidumu mpaka Juni 2021, ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Baada ya uchaguzi wa Kongo wa Desemba 2018, intaneti ya kule ilizimwa karibu wiki tatu. Januari 2021 ikazimwa ya huku, siku kadhaa. Siku hizo, aliyekuwa na namba ya kawaida na inite kidogo alipata watu wake. Aliyezoea kubonyeza picha ya WhatsApp bila kujua namba alikaa gizani.

Na namba yenyewe inataka karatasi. Kwa muda mrefu mkimbizi alinunua laini kwa jina la Mganda anayemfahamu. Mganda akihama au mkikosana, laini imekwenda. Mwaka 2019 ndipo ilipokubalika waziwazi tusajili kwa kadi ya mkimbizi au barua ya utambulisho. Hata hivyo, laini isipotumika miezi kadhaa, kampuni huichukua na kumpa mtu mwingine. Tunamjua mama mmoja ambaye simu yake ilizama mtoni wakati wa kukimbia. Watoto wake wakapiga namba ile mwaka mzima, siku moja ikapokelewa na mwanaume asiyewajua. Walidhani mama amekufa. Alikuwa hapa, zoni ya jirani, na hakukumbuka namba ya mtoto yeyote, kwa sababu zote zilikuwa ndani ya simu.

Mtu wa foni angemtafuta kwa jina.

Ndiyo maana kwenye zamu zetu tumeanza na madaftari, ya karatasi kabisa. Kila nyumba tunayotembelea tunaomba waandike namba tatu za watu walio mbali, na mtu mmoja ajifunze moja kwa kichwa. Daftari linabaki kwao, hatulichukui, maana namba za watu ni siri yao. Asiye na namba hata moja tunampeleka kwa Msalaba Mwekundu, ambao bado wanatafuta kwa majina na wanapigisha watu simu bure.

Jambo moja la mwisho, hili ni ombi. Watu wa foni wanazeeka. Kama mzazi wako au jirani yako aliongoza foni kule Fizi, Walikale, Minembwe, Bunia au kwingine, kaa naye jioni moja umuulize alitumia jina gani hewani na watu walimlipa nini. Andika, utuletee.