Pombe si chai: Namna ya kuionja na kuipima, na mahali uwezo wa ulimi unapokomea

ALIYEZALIWA katika nchi ya chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, hahitaji kufunzwa kwamba kuonja ni kazi inayoweza kumlisha mtu. Kabla ya chai ya viwanda vya eneo hilo kupigwa bei katika mnada wa Mombasa, ulioanzishwa mwaka 1956, wapo wataalamu ambao huipiga funda kwa kijiko. Huifyonza kwa kishindo ili isambae ulimini, huizungusha mdomoni, kisha huitema. Hukumu yao ndiyo huamua iwapo jasho la mkulima litauzwa ghali au rahisi.

Wahenga walisema pombe si chai, na walisema kweli. Hata hivyo, pombe nayo ina waonjaji wake, ina vipimo vyake na ina alama zake. Huko Ndanai, katika eneobunge la Sotik, Kaunti ya Bomet, kama ilivyo kwingine katika nchi ya Wakipsigis, pombe ya nafaka, yaani maiyek, ilikuwa ikihukumiwa na wazee muda mrefu kabla ya chupa ya kwanza ya bia kufika dukani. Huko Ubelgiji nako, watawa wa abasia wamejenga sifa ambayo waonjaji wa dunia nzima huifuata kwa safari ndefu.

Makala haya yanaeleza jinsi pombe inavyoonjwa na kupewa alama, na yanajibu swali ambalo limegharimu maisha ya Wakenya wengi: je, ulimi waweza kumlinda mnywaji?

ABASIA NA BIA YAKE

Abasia ni makao ya watawa yanayoongozwa na abati. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inawataka watawa waishi kwa kazi ya mikono yao. Wengine hulima, wengine hufuga na kutengeneza jibini, na baadhi hupika bia. Watrapisti, ambao ni tawi la Wasistersiani, ndio waliovuma zaidi kwa kazi hiyo ya mwisho.

Jina la Watrapisti si geni katika Kericho. Mwaka 1956, watawa kutoka abasia ya Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg nchini Uholanzi, walianzisha makao huko Lumbwa, ambako leo huitwa Kipkelion. Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 ziliwafanya waondoke mwaka 2008 na kuhamia Uganda. Abasia hiyo mama ya Uholanzi ndiyo inayopika bia ya La Trappe, kazi iliyoanza mwaka 1884.

Kwa upande wa Ubelgiji, abasia za Watrapisti zinazotambuliwa kwa bia leo ni tano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval. Ya sita, Achel, ilipoteza nembo yake mwaka 2021 baada ya watawa wa mwisho kuondoka.

Nembo inayozungumziwa ilianzishwa mwaka 1997 na chama cha kimataifa cha Watrapisti. Masharti yake ni matatu. Kwanza, bia ipikwe ndani ya kuta za abasia au jirani nazo. Pili, watawa wenyewe wasimamie kazi hiyo. Tatu, faida itumike kwa mahitaji ya abasia na kwa kuwasaidia wahitaji. Abasia ya Koningshoeven iliwahi kunyang'anywa nembo hiyo mwaka 1999 ilipoingia mkataba na kampuni kubwa ya bia, ikarejeshewa mwaka 2005 baada ya kurekebisha mambo. Katika mzozo huo hoja haikuwa ladha. Hoja ilikuwa nani anayesimamia mapipa.

Msomaji atofautishe pia bia ya Watrapisti na ile inayoitwa tu bia ya abasia. Hii ya pili yaweza kupikwa na kampuni ya kibiashara kwa idhini ya abasia fulani, au kwa kutumia jina la abasia iliyokufa zamani. Leffe, mathalan, ni mali ya kampuni kubwa ya AB InBev.

Aina zinazojulikana zaidi ni mbili. Dubbel ni ya rangi ya kahawia iliyokoza, yenye harufu ya matunda makavu na sukari iliyoungua. Tripel ni ya rangi ya dhahabu, kali zaidi, yenye harufu inayokaribia karafuu na matunda mabichi. Dubbel ya Westmalle ina kileo cha asilimia 7, na tripel yake asilimia 9.5. Ikumbukwe kwamba Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2. Hivyo, chupa ndogo ya tripel ya mililita 330 ina kileo halisi cha mililita 31 hivi, ilhali chupa kubwa ya Tusker ya mililita 500 ina mililita 21. Udogo wa chupa usimhadae mtu.

NAMNA YA KUONJA NA KUTOA ALAMA

Waamuzi wa mashindano ya bia, hasa wanaofuata utaratibu uliobuniwa Marekani, hutoa alama 50 kwa jumla. Harufu hupewa alama 12, sura 3, ladha 20, uzito wa kinywaji mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Msomaji ataona kwamba sura, ambayo ndiyo huvutia macho katika matangazo, ina alama chache kuliko zote.

Bia humiminwa taratibu katika glasi safi isiyo na mafuta wala sabuni, kwani vyote viwili huua povu. Mwonjaji hutazama rangi, uangavu na povu: je, linadumu au linazama mara moja? Kisha hunusa mara mbili tatu, kwa pumzi fupi. Pua ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo watu hudhani inafanywa na ulimi. Ndiyo maana mwenye mafua huona kila chakula ni chapwa.

Ndipo hupiga funda, akaiacha bia ipite sehemu zote za kinywa. Hutafuta utamu wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa ili kuisawazisha na kuihifadhi. Hutafuta pia harufu zilizozaliwa na hamira. Tofauti na mwonja chai, mwonja bia humeza kidogo, kwa sababu uchungu husikika vyema nyuma ya ulimi na kooni, na ladha inayobaki baada ya kumeza nayo ina alama zake.

Baridi kali huficha harufu. Kwa sababu hiyo bia za abasia hunywewa zikiwa na ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 8 na 14 hivi. Mkenya anayeagiza bia "moto" baani, akimaanisha isiyotoka frijini, asichekwe. Ana hoja ambayo waonjaji wengi wangeiunga mkono.

Kasoro nazo zina majina. Harufu ya karatasi iliyolowana huonyesha bia imekaa sana. Harufu ya siki huonyesha bakteria wameingia. Harufu ya mboga zilizochemshwa huonyesha upishi mbaya. Harufu kama ya kicheche hutokea bia inapopigwa na mwanga, na ndiyo sababu chupa nyingi ni za rangi ya kahawia.

Mfano mashuhuri wa nguvu ya alama hizi ulitokea mwaka 2005. Waonjaji wa mtandao wa RateBeer waliitaja Westvleteren 12, yenye kileo cha asilimia 10 na ushei, kuwa bia bora kuliko zote duniani. Foleni za magari zikajaa nje ya abasia. Watawa hawakuongeza upishi ili kuvuna fedha hizo. Waliendelea kupika kiasi kinachowatosha kuendesha maisha yao. Kwa miaka mingi chupa zao hazikuwa hata na karatasi ya jina, ila kizibo tu. Kizuri chajiuza.

CHUNGU CHA WAKIPSIGIS

Tukirejea nyumbani, maiyek haikuwa na alama 50, lakini ilikuwa na waamuzi. Wazee waliketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, na maji ya moto yakawa yanaongezwa. Pombe hiyo ilikuwa na nafasi yake katika arusi, katika sherehe za jando na baada ya kazi za ujima. Upishi ulikuwa kazi ya wanawake.

Njia inayotumika zaidi magharibi mwa Kenya, ambayo zao lake hujulikana sana kwa jina la busaa, ni hii. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha hukaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia. Huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena, halafu huchujwa. Kimea ndicho hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Katika mambo ya msingi hivi ndivyo wafanyavyo watawa wa Westmalle, isipokuwa wao hutumia shayiri na hopsi, na huchemsha mchanganyiko wao kabla ya kutia hamira.

Aghalabu busaa huwa na kileo cha kati ya asilimia 2 na 4. Iliyo nzuri hunukia nafaka iliyokaangwa na ina uchachu unaoburudisha. Iliyokaa sana huwa siki. Inayonuka ukungu yafaa kumwagwa bila kujadiliana, kwa maana mahindi yaliyoota ukungu huweza kubeba sumukuvu. Mwaka 2004, sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Katika chungu hicho mnywaji alikuwa na kinga moja ambayo haikuandikwa popote: alimjua mpikaji. Alikuwa jirani, shemeji au shangazi, na mume wake mwenyewe alikuwa ameketi hapo na mrija wake.

MAHALI ULIMI UNAPOKOMEA

Kinga hiyo ilianza kuvunjika pale pombe ilipotengana na mpikaji wake. Chang'aa, ambayo hutokana na kuvukiza pombe iliyochachuka, ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikawa inapikwa vichakani na mitoni na kusafirishwa usiku. Mnywaji hakumjua tena aliyepika, wala hakujua kilichoongezwa njiani.

Kinachoongezwa na wachuuzi wenye tamaa, mara nyingi, ni methano, spiriti ya viwandani. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi kwa pombe ya aina hiyo. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwamo. Februari 2024, watu 17 walipoteza maisha baada ya kunywa pombe yenye sumu katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga.

Hapa ndipo ufundi wote ulioelezwa juu unaposhindwa. Methano haina rangi, na harufu na ladha yake hukaribia sana za kileo cha kawaida. Ikichanganywa na pombe, hata mwamuzi mwenye uzoefu wa miaka hataitambua. Wapo wanaoamini kwamba pombe ikiwashwa na kutoa mwali wa samawati ni salama. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu methano nayo hutoa mwali wa samawati hafifu.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haina haraka. Mnywaji hulewa kama kawaida na kwenda kulala. Mwilini, ini huigeuza methano kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Baada ya saa 12 hadi 24 hivi, huja maumivu ya kichwa na tumbo, kutapika, kupumua kwa shida, na macho kuona kama kuna ukungu. Mililita 10 tu za methano halisi zinaweza kumpofusha mtu.

Mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama wenzake wanasema ni uchovu wa pombe. Tiba ipo, ikiwemo dawa ya kuizuia methano isigeuke asidi, na mashine ya kusafisha damu, lakini kila saa inayopita huipunguzia nguvu. Waliokunywa naye pia wachunguzwe ingawa hawajaanza kuugua.

KUMJUA MPIKAJI

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana kwa wengi kama Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa, kwa sharti kwamba apikaye awe na leseni na bidhaa yake itimize viwango. Ilipiga marufuku kuuza kileo katika vipakiti, na kuwauzia walio chini ya miaka 18. Chini ya Katiba ya mwaka huohuo, utoaji wa leseni za kuuza vileo ni jukumu la serikali za kaunti.

Kwa anayenunua chupa, ukaguzi uanze kabla ya kuifungua. Je, ina jina na anwani ya kiwanda? Ina alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, na stempu ya ushuru? Kizibo hakijaguswa? Bei yake inaweza kulipa ushuru na gharama, au ni rahisi kiasi cha kutia shaka? Kwa anayekunywa chunguni, maswali ni machache zaidi: nani amepika, lini, kwa nafaka gani, na je, yeye mwenyewe anainywa?

Asiyepata majibu aache, hata kama pombe yenyewe inanukia vizuri.