Wanawake Sita Walioketi Barabarani

Tarehe 1 Oktoba 1972, katika bustani ya Central Park jijini New York, bastola ya kuanzisha mbio za marathoni ililia, na wanawake sita wakaketi chini. AAU, chama kilichosimamia riadha ya ridhaa Marekani, kilikuwa kimewaamuru waanze dakika 10 kabla ya wanaume, isije ikaonekana kwamba wanashindana nao. Walikaa dakika zote 10, mabango mkononi. Bastola ya wanaume ilipolia, wakainuka na kukimbia pamoja nao.

Mmoja wao alikuwa Nina Kuscsik, bingwa wa marathoni ya Boston ya mwaka huohuo, ambao ndio wa kwanza wanawake kuruhusiwa rasmi kushiriki huko. Miezi minne tu nyuma, katika bustani hiyohiyo, alikuwa amesaidia kuanzisha mbio za maili 6 za wanawake pekee, ambazo hukimbiwa hadi leo. Sioni kwamba alijipinga. Za Juni wanawake walizitaka wenyewe, ziwe mahali pa kujaribu bila kuchekwa. Utaratibu wa Oktoba walibebeshwa na watu walioamini mwili wa mwanamke hauhimili masafa.

Imani hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, Lina Radke wa Ujerumani alishinda mita 800 kwa 2:16.8. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka hovyo uwanjani, ilhali wote tisa wa fainali walimaliza. Uzushi huo ulitosha. Mita 800 za wanawake ziliondolewa na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960, na marathoni yao ikasubiri mpaka Los Angeles, 1984.

Kisha suala likageuka, likawa kama wanawake wakimbie pamoja na wanaume, na hapa Kenya imo moja kwa moja. Aprili 1998, mjini Rotterdam, Tegla Loroupe alikimbia marathoni kwa saa 2:20:47 na kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa imedumu miaka 13. Aliongozwa na wanaume wawekaji kasi. Lawama zilifuata: mwanamke mwembamba na mfupi kama yeye, walisema, alikuwa amekingwa upepo. Kukingwa upepo ni msaada wa kweli, na kasi isiyopandapanda wala kushuka humwokolea mkimbiaji nguvu za kilomita za mwisho. Lakini wanaume nao huwekewa kasi na wanaume wenzao, wala hakuna anayewafutia rekodi. Ugumu ni kwamba mwanamke anayeongoza dunia hana mwanamke mwenzake wa kumtangulia kwa kasi hiyo mpaka karibu na utepe. Mwanamume anaweza kufika naye.

Mwaka 2011 shirikisho la riadha duniani liliamua kwamba rekodi za wanawake za barabarani zitoke katika mbio za wanawake pekee. Kwa uamuzi huo, 2:15:25 za Paula Radcliffe, alizokimbia London mwaka 2003 akiwa na wanaume, zingeshushwa hadhi. Malalamiko yakawa makali, na muda huo ukabaki. Tangu hapo kuna rekodi mbili, ya mbio mseto na ya wanawake pekee. Naona huo ndio uamuzi wa haki: haukumnyang'anya Radcliffe jasho lake, na ulimpa Mary Keitany rekodi yake alipokimbia London kwa 2:17:01 mwaka 2017.

Hata hivyo, saa si kila kitu. Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin, katika mbio mseto, kwa 2:11:53, akamwacha mwanamke wa pili kwa karibu dakika sita. Muda wa kustaajabisha, lakini ushindani wa wanawake wenyewe ulikuwa umekwisha mapema. Mwaka uliofuata, Paris, marathoni ya wanawake ilipewa siku ya mwisho ya Olimpiki, nafasi iliyozoeleka kuwa ya wanaume. Hapakuwa na mwanamume wa kukinga upepo wala wa kuficha mpinzani. Sifan Hassan wa Uholanzi na Assefa waligongana viwiko wakiwania njia kuelekea utepe. Hassan alishinda kwa 2:22:55, Assefa akafuata sekunde tatu nyuma, na Hellen Obiri wa Kenya akafika wa tatu kwa 2:23:10.