Lakabu za mahali

Lakabu za mahali ni majina ambayo wenyeji huupa mji, mtaa au upande wa nchi mbali na lile lililoandikwa kwenye ramani. Afrika Mashariki zimejaa tele, na shida ya mgeni ni kwamba maana hufuata mahali alipo msemaji.

Iliyosambaa kuliko zote ni *Bongo*. Kwanza ilikuwa Dar es Salaam peke yake, mji ambao asiyetumia ubongo hali. Baadaye jina likaenea nchi nzima, likazaa Wabongo, Bongo Fleva na Bongo Muvi. Filamu ya Josiah Kibira ya mwaka 2003, *Bongoland*, inamhusu Mtanzania aliyeko Marekani. Maana ya awali haikufa. Aliyeko London akisema “narudi Bongo”, anarudi Tanzania. Akisema hivyo mzee aliyekwenda Songea kusalimia ndugu, huenda anawaza Kariakoo tu. Mkenya humaanisha nchi ya jirani. Katika misitu ya Aberdare, bongo ni mnyama wa pembe na milia, wala hahusiki na ugomvi huu.

*Bara* ina mtego wake. Kwa mtu wa Mombasa, wabara ni watu wa Nairobi, Kisumu na kwingineko ndani. Kwa Mzanzibari, bara ni ng’ambo ya mkondo wa bahari, hivyo Mtanga aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni naye ni mtu wa bara, apende asipende.

Hiyo *ng’ambo* nayo! Kwa Waswahili wengi ni Ulaya na nchi za mbali. Mjini Unguja, Ng’ambo ni mitaa iliyo mkabala na Mji Mkongwe, ambako zamani ulivuka hori la bahari ndipo ufike. Hori limefukiwa, daraja halipo, lakini soko bado ni Darajani na upande wa pili bado ni Ng’ambo.

Morogoro huitwa *mji kasoro bahari*. Mgeni hudhani unasemwa vibaya, kumbe unasifiwa: una kila kitu, Milima ya Uluguru ikiwemo.

Kigoma ni *mwisho wa reli*. Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1914. Matawi yake huishia pia Mwanza na Mpanda, ila lakabu imebaki ya Kigoma.