Ukoko wa Paka, Ugali wa Mbwa

Nyumbani kwa bibi yangu, Tanga, sufuria ya wali haikuoshwa mpaka paka apate fungu lake. Bibi alikuwa akiukwangua ukoko kwa mwiko, anautia kwenye kifuu, kisha anaumiminia maji yaliyochemshiwa kichwa cha changu kabla hakijatiwa chumvi wala kitunguu. Halafu anasubiri. Ukoko ukishalainika anauvunjavunja kwa vidole, anachambua minofu ya mashavu ya samaki, anatoa miiba mmoja mmoja, anachanganya. Muda wote huo paka amekaa kizingitini, mkia umezunguka miguu, hajalia hata mara moja. Paka wa nyumba haingwa, wanasema wazee, na bibi aliliamini neno hilo kwa matendo.

Pale nyumbani hakuna aliyeuita ule mchanganyiko pishi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ni pishi, tena lenye ukoo mrefu kuliko kitabu chochote cha mapishi kilichopo rafuni kwangu. Siku hizi akina mama na vijana wa mjini wanaposema kwa fahari kwamba wanawatengenezea mbwa na paka wao vitafunwa nyumbani, wengi hudhani wameanzisha jambo. Biskuti ya dukani ndiyo ngeni. Ina umri wa miaka mia moja na sitini na kitu tu, na ilizaliwa katika mji mmoja, kwa sababu zinazojulikana.

Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyezaliwa Sicily, alifika Misri karibu na mwaka 60 KK. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni jinsi wahudumu wa wanyama watukufu walivyowalisha paka: walimega mkate ndani ya maziwa, wakawaita kwa kugonga ulimi, au waliwakatia samaki wa mto Nile vipande vibichi. Anasimulia pia kwamba alimwona kwa macho yake Mrumi aliyemuua paka bila kukusudia, na jinsi umati ulivyomvamia, wala maofisa wa mfalme wala hofu ya dola ya Roma havikumwokoa. Wasomaji wengi hukikumbuka kisa hicho cha kifo. Mimi nakumbuka zaidi kule kugonga ulimi. Ni sauti ileile ya bibi, na mtu wa kando ya Nile angeitambua.

Misri hiyohiyo iliendelea kuwalisha paka baada ya dini kubadilika. Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, anatajwa kuwa aliacha bustani karibu na Cairo iwe wakfu kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe. Karne nyingi baadaye, Mwingereza Edward Lane aliyeishi mjini humo miaka ya 1820 na 1830 aliandika kwamba bustani ilikwisha kuuzwa na kuuzwa tena, lakini kadhi aliendelea kubeba mzigo wa wakfu ule: kila siku alasiri vyakula vya mabaki vililetwa katika ua wa mahakama, na paka walikuwa wakikusanyika hapo kungoja. Hebu fikiria ua wa mahakama, mawakili wametandaza makaratasi yao, na paka wa mji mzima wanakuja kudai haki yao ya kisheria.

Kwetu pwani mafundisho ya Uislamu juu ya kuwahurumia wanyama yanajulikana hata na mtoto wa chuoni. Swahaba Abu Huraira alipewa jina lake kwa ajili ya kipaka alichokuwa akikibeba. Tunasomeshwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula, na za aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Lakini paka ni tohara, na mate ya mbwa ni najisi nzito katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mapishi yakagawanyika. Chakula cha paka kilitengenezwa jikoni, na cha mbwa kikapikwa nje, kwenye mafiga ya uani, katika sufuria yake mwenyewe yenye masizi isiyoingia ndani kamwe. Utengano huo si dharau peke yake. Sufuria ya mbwa ni kazi ya ziada, kuni za ziada, na mtu wa kuamka mapema kuipika.

Mbwa naye ana historia ndefu zaidi ya kulishwa. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la miaka kama 14,000 lenye mwanamume, mwanamke na mifupa ya mbwa. Meno ya mbwa huyo mchanga yalipochunguzwa baadaye yalionyesha kwamba aliugua distempa, akapata nafuu, akaugua tena, zaidi ya mara moja, kabla ya kufa akiwa na umri wa miezi sita au saba. Mbwa wa hali hiyo hawezi kuwinda wala kulinda. Hafai kwa lolote. Watafiti walihitimisha kwamba hangeishi kwa majuma yale yote bila mtu wa kumpasha joto, kumsafisha na kumpa chakula na maji. Alilishwa nini sijui, ila mdomo wa mbwa mgonjwa hautafuni mfupa. Chakula chake kilipaswa kulainishwa na mtu.

Warumi ndio walioandika mapishi yenyewe. Varro, katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 37 KK, anataka mbwa wa wachungaji wapewe mkate wa shayiri uliolowekwa katika maziwa, na mifupa. Columella, karne moja baadaye, anapendekeza unga wa shayiri na maji ya maziwa yaliyoganda, na pale pasipo na malisho wala maziwa, mkate wa ngano uliochanganywa na maji yaliyochemshiwa maharagwe. Maji hayo yawe vuguvugu, anaonya, kwa sababu ya moto humtia mbwa kichaa. Sababu aliyoitoa si kweli, lakini agizo ni zuri, na nimemsikia mpishi wa shamba moja Muheza akilisema neno kwa neno kuhusu ugali.

Kwa nini unga, kwa mnyama aliyetokana na mbwa mwitu? Jibu lilipatikana mwaka 2013, timu iliyoongozwa na Erik Axelsson wa Sweden ilipolinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa Ulaya. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa wa nyumbani anazo kuanzia nne hadi thelathini. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yameubadili mwili wake. Ugali wa mbwa, ambao wageni huuona kama ishara ya umaskini wetu, umeandikwa ndani ya damu yake.

Kitafunwa cha kumtuza, yaani chakula kisicho cha kushibisha bali cha kusema ahsante, nakiona wazi kwanza kwa wawindaji. Gaston Phébus, bwana wa Foix kusini mwa Ufaransa, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387. Wafaransa wa zama hizo walikuwa na desturi ya kutandaza ngozi ya kulungu aliyeuawa na kuwawekea mbwa juu yake mkate uliolowa damu, ili wajue kazi imekwisha na wamefanya vizuri. Mbwa aliyeugua alipikiwa kivyake, maziwa ya mbuzi, maharagwe, nyama iliyokatwakatwa.

Kisha London. Mwaka 1851 Henry Mayhew alichapisha uchunguzi wake juu ya maskini wa jiji hilo, na humo mna sura ya wauza nyama ya paka. Alikadiria paka 300,000, karibu mmoja kwa kila nyumba, na wachuuzi kama 1,000 waliozunguka mitaani na nyama ya farasi iliyochemshwa, imechomekwa kwenye vijiti kama mishikaki. Mama wa nyumba aliacha kupika kwa ajili ya paka wake, akangoja mlio wa mchuuzi. Hapo ndipo fungu la mnyama lilipogeuka bidhaa.

Biskuti ilifuata mara moja. James Spratt, Mmarekani kutoka Ohio, alikwenda London kuuza vyuma vya kukinga radi. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, akapata wazo. Karibu na mwaka 1860 alianza kuuza mikate ya mbwa ya ngano, kiazisukari, mboga na nyama kavu, akiwalenga mabwana wenye mbwa wa kuwindia. Kijana mmoja wa kampuni yake, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1886 maonyesho ya mbwa ambayo mpaka leo yana jina lake. Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walipelekwa kwenye maonyesho hayo, wa aina isiyobweka inayoitwa basenji, neno lililo ndugu na washenzi letu. Hawakukaa. Walikufa kwa distempa, ugonjwa uleule wa mtoto wa Oberkassel, mbali na moto waliozoea kulala kando yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: mwaka 1908 kampuni ya Bennett ya New York ilioka biskuti yenye umbo la mfupa, mwaka 1922 nyama ya farasi ikatiwa makoponi huko Rockford, Illinois, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuja, bati likawa adimu na chakula kikavu kikachukua nafasi, mwaka 1957 kampuni ya Purina ikatumia mashine za nafaka za asubuhi kufyatua punje za chakula cha mbwa. Kizazi kimoja kilitosha kuwafanya watu waamini kwamba kumpa mbwa chakula cha jikoni ni kumkosea.

Kiwanda nacho kilikosea, na makosa yake yametufundisha mengi. Mwaka 1987 daktari wa wanyama Paul Pion na wenzake wa California walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo kupanuka walikosa taurini, na kwamba wakipewa, moyo hurudi katika hali yake. Walikuwa wakila chakula cha dukani. Taurini imo katika nyama na samaki, na mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 2005 ikabainika pia kwamba paka hana uwezo wa kuonja utamu, kwa kuwa jeni moja ya ulimi wake imeharibika tangu zama za kale. Keki iliyopambwa kwa sukari haimwambii chochote. Ukoko wa bibi ulikuwa kishikizo tu. Yale mashavu ya changu ndiyo yaliyokuwa chakula.

Pigo kubwa lilikuja Machi 2007. Unga wa gluteni kutoka China uliotiwa melamini, ili uonekane una protini nyingi, uliingia katika chakula cha makopo Marekani ya Kaskazini. Mbwa na paka waliharibika figo, na makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 yakarudishwa. Watu wengi waliogopa, wakarudi jikoni.

Kwetu kurudi huko kuna hatari yake, nami siwezi kuinyamazia. Tumezoea kusema mahindi yaliyoota ukungu ni ya mbwa. Mwaka 2004, aflatoksini ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Sumu hiyohiyo huharibu ini la mbwa, na kuichemsha hakuiondoi. Kitunguu na kitunguu saumu huvunja chembe za damu za mbwa na paka pia, kwa hiyo mchuzi wa mabaki ya jana si zawadi. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Siku za Ijumaa mimi hupika. Dagaa wa kuku, wale wa bei ya chini, nawaosha maji matatu mpaka mchanga uishe, nawakausha juani, nawatwanga. Maini ya kuku nayachemsha, nayaponda, nayachanganya na unga mzima wa mtama, yai moja na dagaa. Nakata vipande vidogo kama tende, napalia mkaa juu na chini kama mtu anayeoka mkate wa kumimina. Vikipoa vinalia vikivunjwa. Mbwa wangu, anayelala uani, hupokea chake kwa ncha ya meno, hukipeleka kivulini chini ya mwembe na kukishika kati ya mikono miwili kabla ya kuanza.

Paka huja kunusa sinia. Huzunguka mara moja, hugeuka, na kwenda kukaa karibu na sufuria yenye kichwa cha samaki.